Mkono Hauna Kosa: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Mistari ya Brashi

Safu ya toleo hili tumewaachia wanaojifunza kuchora mistari myembamba kwa brashi, mkono mtupu, bila stensili wala mashine: ile mistari ya milimita 2 au 3 inayopita ubavuni mwa gari, kwenye tenki la pikipiki au kwenye fremu ya baiskeli. Barua tumezifupisha. Tunaanza na moja ambayo, ukiisoma vizuri, utaona nusu ya barua nyingine zinauliza jambo hilohilo kwa maneno tofauti.

SWALI: Ndugu mafundi, salaam. Nina miezi miwili nafanya mazoezi kila jioni. Mstari unaanza vizuri, ukifika kama sentimita 20 unakatika, au kingo zinaota manyoya. Nikiongeza thina, unakuwa mpana na rangi ya chini inaonekana. Nimeanza kuamini mkono wangu ni mzito. Kuna dawa ya mkono unaotetemeka? (Mkono Mzito)

JIBU: Ndugu Mkono Mzito, mkono wako tunauondolea lawama. Mkono unaotetemeka hutoa mstari unaoyumba. Mstari unaokatika, unaoota manyoya au unaotanuka ni kazi ya rangi, na rangi haiharibikii kwenye bati. Inaharibikia kwenye kadi, kabla brashi haijagusa chochote.

Kadi tunayosema ni kipande cha karatasi ngumu, yenye kung'aa na isiyonyonya. Jalada la jarida la zamani linatosha. Hapo ndipo brashi inapolishwa. Wanaoanza wengi huichovya koponi, wakaipangusa mara mbili ukingoni mwa kopo kama wanaopaka mlango, kisha moja kwa moja kwenye bati. Brashi ya namna hiyo imebeba rangi kwa nje, ndani kavu. Inatua na donge, inamaliza ile rangi ya nje, na baada ya hapo haina akiba. Zile sentimita 20 zako ndizo urefu wa rangi ya nje.

Fanya hivi. Tia rangi kiasi cha kijiko kimoja cha chakula, kama mililita 15, kwenye kikombe kidogo, na thina kiasi hichohicho kwenye kikombe cha pili. Usivichanganye. Chovya brashi kwenye thina, ikamue kwa kitambaa ibaki na unyevu tu. Halafu ichovye kwenye rangi hadi robo tatu ya urefu wa nywele, ilaze kwenye kadi, uivute kuelekea kwako kwa sentimita 7 au 8 huku ukiikandamiza kiasi cha nywele kulala. Vuta mara tano upande mmoja, igeuze, vuta mara tano upande wa pili. Rudi kwenye rangi, rudi kwenye kadi. Raundi ya tatu gusisha ncha peke yake kwenye thina, uendelee kuvuta.

Sasa zitazame nywele zenyewe kwa karibu. Mwanzoni zinalala zimeachana, katikati kuna mifereji mikavu. Rangi ikishazama hadi karibu na shingo, zinashikana na kuwa bapa moja, nyembamba kama wembe ukiitazama kwa ubavu, na ncha inakuwa moja bila unywele unaojitenga. Kwenye kadi nako alama zinabadilika: za kwanza zina michirizi, za mwisho zina kingo mbili zilizonyooka. Na kuna kitu vidole vinasikia, mvuto mdogo, kana kwamba kadi inaishika brashi kisha inaiachia. Mvuto huo ndio kipimo chako. Brashi ikiteleza kama imepakwa mafuta, thina imezidi. Mstari utatanuka na hautafunika. Ikikwama na kugoma kuja, rangi ni nzito. Mstari utakatika na kingo zitachanika. Thina ikizidi, rudi kwenye rangi. Ikipungua, gusisha ncha tena kidogo kidogo. Hakuna uwiano wa kuandika ukutani, maana kopo lililofunguliwa leo na lililofunguliwa mwezi uliopita haviko sawa, na siku ya joto si siku ya baridi.

Kila unapochovya, pita kwenye kadi. Usitoke kikombeni kwenda kwenye bati hata ukiwa umebakiza sentimita mbili kumaliza mstari. Kumbuka pia kwamba thina inaruka hewani muda wote: rangi iliyokaa kwenye kadi kwa dakika kumi si ile uliyoanza nayo. Kadi ikianza kunata, itupe uchukue nyingine. Brashi namba 00 iliyolishwa vizuri huvuta zaidi ya mita moja kabla ya kuomba tena.

Zoezi la wiki hii: chora mistari kumi ya sentimita 50, kila mmoja na kiasi tofauti cha thina, kuanzia rangi nzito kabisa hadi nyepesi kupita kiasi. Andika pembeni kila mmoja ulivyosikika vidoleni. Ukimaliza utakuwa umeyaona makosa yako yote ya miezi miwili yamepangwa kwenye ubao mmoja, na katikati yao mstari mmoja au miwili iliyo safi. Huo mkono ni uleule.

SWALI: Habari za kazi. Nataka kununua brashi ya kwanza. Nimeambiwa ya manyoya ya ngamia ndiyo bora. Ninunue namba ngapi? Na je, naweza kutumia rangi ya maji, au rangi ya gari iliyobaki baada ya kupuliza? (Anayeanza)

JIBU: Jina la ngamia ni la biashara tu. Brashi zinazouzwa kwa jina hilo hazina unywele wa ngamia. Ni za kindi, mbuzi, farasi mdogo, au mchanganyiko. Unachotafuta wewe ni nywele za kindi, kwa sababu ni laini, zinashika rangi nyingi na hazirukii juu unapozilaza. Nywele za nailoni zinajikunjua zenyewe na kutaka kusimama, hivyo mstari mrefu unakuwa vita.

Umbo ni la upanga: nywele ndefu, kama sentimita 5, zilizokatwa mshazari kutoka kisigino hadi ncha, na mpini mfupi. Urefu wa nywele unawatisha wanaoanza, na wengi huamua kuanza na kibrashi kifupi cha kuchorea picha. Ni kosa la kueleweka, lakini linachelewesha. Nywele ndefu zinazoburutwa nyuma ya mkono ndizo zinazonyoosha mstari. Mtikisiko mdogo wa kidole unamezwa na urefu wake kabla haujafika kwenye ncha. Kibrashi kifupi kinaandika kila mtikisiko.

Namba huenda 000, 00, 0, 1, 2, kutoka nyembamba kwenda nene. Nunua 00 moja, nzuri, badala ya seti ya tano za bei poa. Kwa 00 utapata mstari wa milimita 1 hadi 3 kwa kubadili mkandamizo tu. Ikiwa mpya usiikimbilie na mkasi. Ioshe kwenye thina, ilishe, uchore nayo kwanza. Ukiona unywele mmoja unajitenga kila mara na kuchora kamstari kake pembeni, ufuate hadi mzizi wake na uukate hapo kwa ncha ya wembe. Mmoja tu, kisha ujaribu tena.

Rangi: tumia enameli ya mafuta ya waandika mabango. Chapa ya 1 Shot ndiyo iliyozoeleka zaidi kwa kazi hii, lakini enameli yoyote nzito yenye rangi nyingi ndani yake itakufundisha. Thina yake ni waiti spiriti au tapentaini, si ile thina kali ya rangi za kupuliza. Rangi ya maji inavimbisha nywele za kindi na inakauka kwenye brashi kabla hujamaliza mita moja. Rangi ya gari ya kupuliza imetengenezwa ili ikauke kwa dakika chache. Itakushinda bila kosa lako.

Kopo likiwa na ngozi juu, usiikoroge ndani. Ikate pembeni uitoe nzima, kisha chuja rangi kwa kipande cha soksi ya nailoni. Punje moja ya ngozi ikiingia katikati ya nywele itapasua mstari wako jioni nzima nawe utahangaika kutafuta sababu. Makopo ya zamani sana ya enameli yanaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo usipige msasa rangi usiyoijua ukiwa huna kinga ya pumzi, na mikono ioshwe kabla ya kula.

SWALI: Mkuu, mistari yangu mirefu inapinda kama nyoka. Nimejaribu kwenda taratibu sana na imezidi. Brashi ishikwe vipi?

JIBU: Kwenda taratibu sana ndiko kunakoizidisha. Baiskeli ikienda polepole mno huyumba, na mkono ni vivyo hivyo. Mwendo unaofaa ni wa kadiri, usiobadilika, kama sentimita 5 hadi 10 kwa sekunde kwa anayejifunza.

Shika mpini kwa dole gumba na kidole cha shahada, karibu na shingo, kidole cha kati kikiwa kitako chini yake. Brashi ilale chini, mpini ukielekea upande unaokwenda, nywele zikifuata nyuma. Kidole kidogo ndicho gurudumu lako: kiguse bati au kiteleze kwenye ukingo wa boneti. Wengine huweka mkono wa pili chini ya kiwiko cha mkono unaochora. Jaribu zote, uchague ile isiyokubana bega.

Kifundo cha mkono kifunge. Kikicheza, mstari unakuwa tao, kwa sababu kifundo ni bawaba. Mwendo utoke begani, na kwenye mstari mrefu utoke miguuni: simama miguu imeachana, anza uzito ukiwa mguu mmoja, umalize ukiwa kwenye mwingine. Kabla ya kulisha brashi, pitisha mkono mtupu njia nzima mara mbili. Utagundua mahali ambapo kiwiko kitagonga kioo cha pembeni au tumbo litaziba njia, na ni heri ugundue hapo.

Macho yasiwe kwenye ncha. Tazama mbele yake sentimita 3 hadi 5, kwenye nafasi iliyopo kati ya mstari unaokuja na alama yako ya kuongozea. Alama inaweza kuwa utepe wa gundi uliobandikwa sambamba na njia, milimita 6 pembeni, bila kuguswa na rangi. Jicho la binadamu ni hodari mno kulinda nafasi kati ya vitu viwili. Halina uhodari huo likiambiwa linyooshe mstari hewani. Kwenye mwili wa chuma, ukanda wa sumaku unafanya kazi hiyohiyo, na penseli ya nta inayofutika nayo inatosha.

Kuanza na kumaliza kuna namna yake. Usiiweke brashi halafu ukaanza kutembea; utaacha donge. Mkono uwe tayari unakwenda, ncha iguse kwanza, nywele zilale polepole, kama ndege inavyotua. Mwishoni ni kinyume: inua huku unakwenda, mstari uchongoke. Ukiishiwa rangi katikati, inua hivyohivyo, lisha, kisha tua sentimita 3 nyuma, juu ya ule mchongoko, uendelee. Ukitua pale pale ulipoishia, kiungo kitaonekana kama fundo.

SWALI: Mistari iliyonyooka naweza sasa. Nikifika kwenye kona mstari unanenepa ghafla. Nakandamiza zaidi bila kujua? (Kona)

JIBU: Hapana, hukandamizi. Brashi yako ni bapa. Ikienda kwa ukingo wake inachora wembamba, ikienda kwa ubavu inachora unene. Kwenye kona umegeuza mkono lakini ubapa umebaki unatazama ulikotoka.

Dawa ni kuuviringisha mpini kati ya dole gumba na kidole cha shahada, kidogo kidogo, muda wote wa kona, ili ukingo uelekee daima kule mstari unakokwenda. Kifundo bado kimefungwa; vidole viwili tu ndivyo vinavyofanya kazi. Jizoeze bila rangi: kaa na brashi kavu, uviringishe robo mzunguko kwenda na kurudi, hadi vidole vifanye vyenyewe. Mpini wenye pembe au rangi inayonata utakwama vidoleni. Upige msasa laini uwe mviringo na uteleze.

Kadiri kona inavyobana, ndivyo nywele zinazogusa bati zinavyopaswa kupungua. Kwenye mstari ulionyooka laza hata nusu ya nywele. Kwenye tao pana inua hadi theluthi. Kwenye kona ya upana wa sarafu simamisha brashi, ubaki na ncha peke yake, na ujue kwamba akiba ya rangi kwenye ncha ni ndogo, hivyo lisha kabla ya kuingia konani, si baada ya kukwama ndani yake.

SWALI: Michoro ile ya pande mbili zinazofanana, kushoto na kulia, mafundi wanaipataje? Wangu upande mmoja unapendeza, wa pili unaonekana jamaa yake wa mbali.

JIBU: Kwanza, hakuna anayechora upande mmoja wote akamaliza, ndipo akarudi kuunakili mwingine. Piga mstari wa kati kwa penseli ya nta, na mistari miwili mitatu inayoukata, ili uwe na vituo vya urefu na upana. Kisha kila mpigo ufuatwe na pacha wake papo hapo: huu kushoto, huu kulia. Mkono bado unakumbuka kasi na mkandamizo wa sekunde kumi zilizopita.

Anza na upande unaokusumbua. Anayetumia mkono wa kulia kwa kawaida hupata taabu na matao ya upande mmoja. Akiyachora hayo kwanza, kwenye upande ulio rahisi ataweza kuyafuata yalivyotoka, hata yakiwa yamepinda kidogo. Ukianza na upande rahisi, utajiwekea kiwango ambacho upande mgumu hauwezi kukifikia. Tunalisisitiza hili kwa sababu linabadilisha kazi ya mtu siku hiyohiyo.

Michoro ya namna hii ilishika moto Kalifonia miaka ya 1950, na jina linalotajwa zaidi ni la Kenneth Howard, aliyejulikana kama Von Dutch (1929–1992). Ukizitazama kwa makini kazi za mtindo huo utaona zimejengwa kwa mipigo michache: umbo la herufi C, umbo la S, tone la machozi na mshale mwembamba. Jizoeze hiyo minne, kila mmoja na pacha wake, kabla ya kubuni chochote.

Kwa mchoro unaotaka kuurudia, kunja karatasi katikati, chora nusu, toboa mstari kwa sindano kila milimita 2 kupitia matabaka yote mawili, kunjua, ubandike kwenye bati, kisha gongagonga kwa kifuko cha kitambaa chenye unga wa chaki. Utabaki na nukta za kufuata. Pulizia ziada, maana unga mwingi unanywa rangi na kuchafua kingo.

SWALI: Rangi yangu inajitenga kwenye bati, inaacha vijitundu kama macho ya samaki. Brashi na kadi viko sawa. Kwenye kioo cha mazoezi haitokei.

JIBU: Gari lilipigwa polishi yenye silikoni, au umeligusa kwa vidole vyenye mafuta. Rangi haikai juu ya silikoni hata uipake mara ngapi, na ukiipaka tena unazidi kuisambaza.

Futa mstari ungali mbichi. Osha eneo kwa maji na sabuni ya vyombo, likauke. Kisha chukua vitambaa viwili safi visivyotoa nyuzi: cha kwanza kina dawa ya kuondoa nta na grisi, cha pili kikavu. Pangusa kwa cha kwanza kipande cha kama nusu mita, na ukipokee mara moja kwa cha pili kabla hakijakauka. Hapo ndipo watu wanapokosea. Dawa inayeyusha mafuta lakini haiyaondoi. Ikikauka yenyewe, mafuta yanakaa pale yalipokuwa. Geuza vitambaa kila kipande. Ukimaliza, kiganja kisirudi hapo.

Kioo cha mazoezi, kwa njia, ndicho kifaa bora ulicho nacho. Kipande cha sentimita 40 kwa 60, chini yake karatasi yenye mistari au michoro, juu yake unafuatisha kwa brashi, kisha unafuta kwa kitambaa chenye thina na kuanza upya. Kingo zake zizungushie utepe zisikukate, na kila baada ya siku kadhaa kisimamishe wima, kwa sababu ubavu wa gari hauji kulala mezani.

SWALI: Nikikosea kwenye kazi ya mteja nifanyeje? Nikifuta naharibu na kule kulikokuwa kuzuri.

JIBU: Enameli inakupa muda, kwa hiyo usishtuke na kupangusa kwa kiganja. Maliza mpigo, inua brashi, halafu ujaji. Kosa dogo pembeni ya mstari litolewe kwa kitambaa kikavu kilichovutwa juu ya ukucha wa dole gumba, kikakazwa bila kunyanzi, kwa mpanguso mmoja unaoanzia kwenye mstari kwenda nje. Mpanguso wa pili uanze na sehemu mpya ya kitambaa. Kipande kikiharibika kabisa, futa kuanzia kiungo cha karibu hadi kingine, tumia thina kidogo sana kwenye kitambaa, kausha, uchore upya. Kitambaa kinachochuruzika thina kitaingia chini ya mstari mzuri na kuuyeyusha.

Haya yote yanategemea rangi ya chini iwe imekomaa. Gari likiwa limetoka kupulizwa, jaribu mahali pasipoonekana: sugua kwa kitambaa chenye thina yako. Kitambaa kikipata rangi, au mng'ao ukififia, subiri siku zaidi.

Na usiache vitambaa vyenye rangi ya mafuta vikiwa vimerundikana. Vikikauka kwa rundo vinajipasha joto na vinaweza kuwaka moto vyenyewe. Vitandaze kimoja kimoja nje, au vitie kwenye kopo la chuma lenye maji na mfuniko.

SWALI: Je, nipulize klia, ile rangi ya juu isiyo na rangi, juu ya mistari ili idumu?

JIBU: Juu ya enameli ya mafuta ya kawaida, la. Vimumunyisho vya klia vitaiamsha rangi iliyo chini na mstari utakunjamana kama ngozi ya maziwa. Kama kazi lazima ifunikwe, tumia tangu mwanzo rangi ya mistari ya yurethani, au enameli iliyotiwa hadina (dawa ya kuigandisha rangi) inayoruhusiwa na mtengenezaji, kwa kipimo na muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye kopo. Hadina nyingi za aina hiyo zina isosaineti, ambazo ni hatari kwa mapafu. Bila barakoa inayofaa na hewa inayopita, ziache. Enameli isiyofunikwa hudumu miaka nje ikitunzwa. Usiioshe kwa nguvu wiki ya kwanza, na nta ya gari isubiri wiki kadhaa.

SWALI: Kwa nini nisibandike tu utepe wenye mistari, nikamaliza kwa dakika kumi?

JIBU: Bandika, kama mteja ameomba hivyo. Utepe una unene wake, unashika uchafu kingoni na jua huukunja ncha. Mstari wa brashi unachongoka, unanenepa pale mwili wa gari unaponenepa, na unatengenezeka sehemu tu ukikwaruzwa. Kwenye kiwanda cha magari cha Rolls-Royce, pale Goodwood nchini Uingereza, bado mistari ya ubavuni huchorwa kwa brashi na mkono, kazi iliyorithiwa kutoka kwa wapaka magari ya farasi.

SWALI: Shikamooni wakubwa. Brashi yangu ya kindi imekuwa kama ufagio baada ya mwezi mmoja. Naiosha kila siku kwa thina na sabuni, naisimamisha kwenye kikombe. (Kijana wa Brashi)

JIBU: Marahaba, kijana. Vitu viwili vimeiharibu, sabuni na kikombe. Sabuni na maji huziondolea nywele za kindi mafuta yake, na kikombe kinaacha nywele zipinde zinavyotaka, tena rangi iliyobaki inashuka shingoni na kugandia huko.

Ioshe kwa vikombe vitatu vya waiti spiriti. Cha kwanza kitachafuka sana. Cha pili kidogo. Cha tatu kibaki wazi kabisa. Katika kila kimoja, bonyeza shingo taratibu kwa vidole, kwa sababu rangi inayoua brashi ni ile ya mzizini usiyoiona. Ikamue kwa kitambaa kuelekea ncha, usiipinde.

Kisha ichovye kwenye mafuta yasiyokauka: mafuta safi ya injini au mafuta ya madini yanafaa. Mafuta ya kitani usitumie, yanakauka na kuigandisha. Vuta nywele kwa vidole au kwenye kadi safi hadi zipate lile umbo la upanga, bapa na ncha moja, na uilaze kwenye kisanduku bapa pasipo kitu kinachogusa nywele. Iliyokwisha kuwa ufagio isitupwe bado: ioshe hivyo, itie mafuta, iumbe, uiache ilale wiki nzima. Nyingi hurudi.

Siku ya kuitumia toa mafuta yote kwa waiti spiriti, mara mbili, na kamua hadi kitambaa kisiwe na doa. Mafuta yakibaki, mistari ya kwanza haitakauka na itaacha vile vijitundu tulivyovieleza hapo juu. Halafu kadi, kama kawaida.